Wanafunzi Wapelekwe Mtoni, na Daftari Zao Zisomwe

Katika visiwa vyetu bahari ndiyo hutajwa, mto hausemwi. Mgeni akija huonyeshwa ufukwe. Mwanafunzi akiulizwa mali ya asili ya Zanzibar hutaja karafuu, mwani na samaki, na afisa anapoandaa hotuba ya mazingira huanzia kwenye mikoko akamalizia kwenye matumbawe. Vijito vinavyoteremka kutoka vilima vya Pemba na vinavyopita katika mabonde ya Unguja, ambavyo ndivyo vinavyonywesha mpunga, vinavyojaza visima na, tuseme kweli, vinavyowapa watoto wetu kichocho, huachwa kuwa shauri la kina mama wafuao nguo na vijana waoshao magari. Sisi twaona kuwa huo ni upungufu wa elimu kabla ya kuwa upungufu wa mazingira. Leo twataka kueleza kwa nini wanafunzi wa skuli zetu wapelekwe mtoni kusoma sayansi kwa vitendo, kwa ratiba na kwa daftari, wala si kwa matembezi ya siku moja ya kupanda mti na kupiga picha.

Yafaa kwanza tukumbushane ardhi tunayokaa. Unguja haina mito mikubwa. Mto Mwera wenyewe, unaotajwa kuliko mingine yote, ungepita Bara usingepewa hata jina. Upande wa magharibi na kaskazini kuna udongo mzito na mabonde yanayoshika maji. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda wa mawe ya matumbawe, yenye matundu kama sponji, na maji ya kijito yakifika hapo aghalabu huzama yakaenda chini kwa chini. Mtu asiyejua husema mto umekufa. Haukufa, umeingia ghalani. Karibu maji yote tunayokunywa Zanzibar hutolewa chini ya ardhi, kwa visima, kwa chemchem na kwa mapango. Basi taka inayotupwa kijitoni haichukuliwi mbali ikapotea, bali hupelekwa chini ikangojea ndoo. Pemba mambo ni mengine: vilima vingi, vijito vingi na vifupi, vinavyoishia kwenye hori zenye mikoko, hata mtu aweza kutembea kijito kizima, kutoka chemchem hadi maji ya chumvi, kabla ya adhuhuri. Hakuna darasa la jiografia lililo bora kuliko hilo, nalo halina ada.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Katika miaka kumi tumeongezeka watu zaidi ya laki tano na themanini elfu, na ardhi ni ileile, na masika na vuli ni zilezile, kama hazikupungua utulivu wake. Nyumba zimeingia mabondeni, mchanga umechimbwa kando ya vijito, na mpunga unataka maji zaidi. Haya kila mtu ayaona. Lakini tuulizane: kijito cha shehia yako hutoa maji kiasi gani mwezi wa Februari, na kiasi gani mwezi wa Mei? Tumewahi kuwauliza watu wazima wenye vyeo swali hilo, nao wakatujibu kuwa ni mengi, au kwamba siku hizi yamepungua. Mengi na yamepungua si hesabu.

Wazee wetu hawakuwa na uzembe huo kuhusu maji. Sayyid Barghash, aliyetawala kati ya mwaka 1870 na 1888, alipotaka Mji upate maji safi aliyafuata kwenye chemchem ya Bububu akayaleta kwa mfereji, kwa sababu kulikuwa na watu waliojua ni chemchem gani haikauki. Na mtoto aliyesoma chuoni, kabla hajaingia skuli ya Serikali, alikuwa tayari amefundishwa kuyachunguza maji. Sisi tuliokaa mkekani mbele ya mwalimu twakumbuka mlango wa tohara: maji yaliyofika kullatein na yasiyofika, maji yaendayo na yaliyotuama, na sifa tatu za kuangaliwa, yaani rangi, ladha na harufu. Hiyo ilikuwa sayansi ya kutazama. Kijana wa miaka saba alijua kwamba maji si maji tu, kwamba yana hali, na kwamba hali hupimwa. Ikawa ajabu kwamba alipohamia skuli, ambako sayansi ndiyo jina la somo lenyewe, alikuta maji yameandikwa ubaoni kwa herufi mbili na tarakimu moja, na mto umechorwa kwa chaki ya buluu.

Lakini sifa tatu zile, ambazo zatosha kwa udhu, hazitoshi kwa kinga ya maradhi, na hapa ndipo sababu yetu kubwa ilipo. Kimelea cha kichocho hakina rangi, wala ladha, wala harufu. Kijito kinachong'ara hadi mchanga wa chini ukaonekana chaweza kuwa ndicho chenye madhara, ilhali dimbwi la tope lililo karibu na barabara likawa salama. Mzunguko wake wajulikana vizuri. Mtu mwenye ugonjwa hukojoa majini au karibu na maji. Mayai yaliyomo katika mkojo huanguliwa. Kijidudu kinachotoka humtafuta konokono wa namna maalumu na kuingia mwilini mwake. Humo huzaana kwa wiki kadhaa, mmoja ukawa maelfu. Kisha hutoka konokonani, zaidi wakati wa jua kali la mchana, vikaogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Mtoto akiingia kuoga au kuteka, hupenya bila ya yeye kuhisi. Baadaye ni damu katika mkojo, na wengine wakiachwa bila matibabu huishia na kibofu na figo zilizoharibika. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, na hutolewa bure katika skuli. Walakini dawa humtibu mtu, haiutibu mto. Mtoto aliyemeza vidonge Jumatatu aweza kuambukizwa tena Jumamosi.

Konokono huyo kwa jina la kitaalamu ni Bulinus globosus. Hapa visiwani ndiye anayebeba kichocho chetu, na hukaa katika vijito na madimbwi ya Pemba na ya sehemu za kaskazini na kati za Unguja. Kusini mwa Unguja, katika nchi ya mawe, yupo jamaa yake aitwaye Bulinus nasutus, ambaye kwa kombe hufanana naye hata mtaalamu akahitaji maabara kuwatenganisha. Lakini uchunguzi uliofanyika Unguja ulionyesha kuwa huyu wa kusini hapitishi ugonjwa. Tazameni basi elimu iliyomo katika kijidudu kimoja: konokono wawili waliofanana, mmoja ana madhara na mwengine hana, na mpaka wao ni mpaka wa udongo na mawe. Mwanafunzi akilijua hilo ameunganisha jiolojia, uhai na afya ya kijiji chake kwa pamoja. Tena kuna alama ambayo mtoto wa darasa la tano aweza kuisoma. Mshike konokono wa maji ncha ikiwa juu na mlango ukikuelekea. Akiwa wa ukoo wa Bulinus mlango wake utakuwa upande wa kushoto. Wengi wa wengine mlango wao ni kulia. Yuko mwengine mkubwa zaidi ambaye naye hufungulia kushoto, lakini yeye ana kifuniko cha kujifungia, na Bulinus hana. Vitu vitatu vya kutazama, na mtoto amefanya kazi ambayo mwalimu wake pengine hajawahi kuifanya.

Hatusemi haya kwa kubahatisha, kwani Zanzibar imekuwa uwanja wa mojawapo ya kazi kubwa za kupambana na kichocho katika Afrika. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2017 Serikali, pamoja na Shirika la Afya Duniani, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Pemba na watafiti wa nje, iliendesha mpango wa kutaka kukata kabisa maambukizi. Shehia 90 zilichaguliwa, 45 Unguja na 45 Pemba, zikagawanywa makundi matatu. Wote walipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Kundi moja liliongezewa kuua konokono kwa dawa ya kumwagwa majini. Kundi jengine liliongezewa mafunzo ya kubadili mwenendo: walimu walifundishwa, wanafunzi walishirikishwa kueleza wenyewe jinsi ugonjwa unavyozunguka, vikajengwa vyoo vya kukojolea na mahali pa kufulia nguo nje ya kijito, na watoto wakahimizwa michezo ya nchi kavu. Matokeo makuu yalichapishwa mwaka 2019. Kichocho kilipungua sana katika visiwa vyote viwili, lakini maambukizi hayakukatika. Na jambo ambalo hatutalificha, kwa kuwa wapo watakaotukumbusha, ni kwamba shehia zilizoongezewa kuua konokono au mafunzo hazikuonyesha tofauti kubwa na zile zilizopewa dawa pekee.

Afisa mwenye kubana matumizi atasema: basi yatosha, tuendelee na vidonge, mafunzo ya mtoni ya nini? Tunamheshimu afisa huyo, lakini hesabu yake ni ya juu juu. Vidonge vilipunguza ugonjwa mpaka ukabaki katika mifuko, shehia hii na ile, kijito hiki na kile. Ndiyo maana kati ya mwaka 2020 na 2024 utafiti mwengine ulifanyika Kaskazini Pemba, ukishughulikia mahali penye maambukizi mengi kwa namna moja na mahali penye machache kwa namna nyengine. Ugonjwa ukishakuwa wa mifuko, kinachotakiwa ni mtu anayejua mfuko uko wapi. Watafiti huja kwa msimu na ruhusa na gari. Mvua ikinyesha kwa wingi dimbwi jipya hufunguka, kiangazi likakauka, mkulima akichimba mtaro wa mpunga, konokono hupata makao mapya. Dawa ya kuulia konokono nayo ina gharama yake, kwani huua na samaki pia, na konokono hurejea kutoka pembezoni ikabidi irudiwe. Nani atakayejua, wiki kwa wiki, kwamba konokono wamerejea penye mawe yale ya kufulia? Ni yule apitaye hapo kila siku akienda skuli.

Basi somo lenyewe liweje? Halihitaji maabara. Lahitaji kipande cha chandarua kilichochakaa, kikishonewa kwenye duara la waya na kufungwa kwenye mti mrefu. Lahitaji sahani nyeupe ya bati, vikopo, kioo cha kukuzia, futi ya fundi, saa yenye sekunde, na ndimu moja. Ndimu ni kwa mwendo wa maji. Pimeni mita kumi kando ya kijito, iachieni ndimu juu, mwengine angoje chini akihesabu sekunde. Tuseme imechukua sekunde arubaini: maji yanakwenda robo mita kwa sekunde. Kijito kina upana wa mita moja na kina cha sentimita ishirini. Zidisheni, mtapata lita hamsini kwa sekunde. Na kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mchanga, punguzeni moja ya tano, zibaki arubaini. Pipa la lita 200 lingejaa kwa sekunde tano. Kwa siku nzima ni lita 3,456,000. Mtoto aliyezoea kuona hesabu za matangi yasiyokuwepo, ya vitabuni, atazidisha tarakimu hizo kwa hamu, kwa sababu tangi hili analijua na mama yake huchota humo. Na kazi hiyohiyo ikirudiwa kila mwezi kwa mwaka mmoja, shehia itakuwa na kitu ambacho leo wengi hawana: kumbukumbu ya kijito chao.

Kwa uchafu wa maji, jazeni chupa nyeupe, itikiseni, kisha isimamisheni mbele ya ukurasa wa gazeti. Hata gazeti hili litafaa kwa kazi hiyo, na pengine ndiyo kazi bora litakayofanya baada ya kusomwa. Maandishi makubwa yakisomeka na madogo yasisomeke, andikeni. Baada ya mvua rudieni. Mkiona kwamba kijito hutibuka siku tatu badala ya moja, fuateni juu mtaona ni wapi mchanga unachimbwa au kilima kimefyekwa.

Viumbe ndio shahidi mkubwa. Maji yaliyopita jana yameshakwenda na siri zake, lakini mdudu aliyekaa chini ya jiwe kwa wiki nyingi hawezi kusema uongo. Wako wadudu wadogo wenye mikia mitatu ambao hawavumilii uchafu. Wakipotea, kitu kimetokea. Wako watoto wa kereng'ende, walio wakali, wasio na mbawa bado, wanaokula viluwiluwi vya mbu kwa pupa ya kustaajabisha. Wako ruba na minyoo na viluwiluwi vyekundu, ambao hustahimili maji yaliyooza na huongezeka wengine wanapokufa. Kwa kuhesabu nani yupo na nani hayupo, mto hupewa alama kama mtihani. Afrika ya Kusini wametengeneza kipimo rahisi kwa ajili ya wananchi na wanafunzi, chenye makundi 13 tu ya viumbe, kiitwacho miniSASS. Kwa mito ya Tanzania wataalamu walichapisha kipimo chao, TARISS, mwaka 2015, nacho ni cha kitaalamu zaidi. Hatudai kwamba vipimo hivyo vichukuliwe kama vilivyo, maana vijito vya visiwa huwa na viumbe vichache kuliko mito ya bara kubwa, na kijito kilichokosa mdudu fulani huenda hakikuwahi kuwa naye tangu mwanzo. Hapo ndipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kingeweza kutusaidia, kwa kutengeneza orodha yetu wenyewe, yenye picha, na majina ya Kiswahili ambayo wenyeji huyatumia.

Majina si jambo dogo. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na tumeona matunda yake. Tulipata kufuatana na wanafunzi wa skuli moja ya shamba waliochukuliwa na mwalimu wao hadi kijitoni asubuhi. Darasani walikuwa kimya kama watu walio msibani. Walipofika penye maji, kijana aliyekuwa akikaa nyuma kabisa alianza kuwaeleza wenzake ni upande gani kaa huchimba, ni mwezi gani samaki wadogo hupanda juu, na kwa nini babu yake hakubali mtu kukata mikadi iliyo kwenye chanzo cha maji. Mwalimu alinyamaza akamwacha aseme. Yule kijana alikuwa na elimu ya uhai iliyozidi ya kitabu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hiyo ndiyo sayansi, na lugha ya kuiandika. Walipomimina tope la chandarua katika sahani nyeupe, na kitu kilichodhaniwa jani kikatembea, zilisikika kelele ambazo mwalimu mkuu angezikataza. Sisi tulifurahi kuzisikia.

Hapana budi tuseme pia juu ya hatari, maana kumpeleka mtoto mtoni ili akajifunze kichocho kisha akarudi nacho itakuwa fedheha. Masharti ni haya, nayo hayana msamaha. Hakuna mtoto atakayeingia majini miguu mitupu. Mwenye mabuti ya mpira ndiye ashikaye chandarua, na wasio na mabuti hukaa kavu, wakapima, wakaandika. Mabuti jozi nne zatosha darasa zima kwa zamu. Kazi ifanywe asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, kwa kuwa vimelea hutoka kwa wingi mchana. Konokono hashikwi kwa mkono bali kwa kijiko kirefu au kwa glavu. Anayerushiwa maji hujifuta papo hapo kwa kitambaa kikavu. Na kabla ya yote, mwalimu aulize kituo cha afya ni vijito vipi katika eneo lake vyenye maambukizi, ili vile vinavyojulikana kuwa vibaya vitazamwe kutoka darajani. Wazazi waelezwe mapema. Mzazi aliyeelezwa hushirikiana. Aliyeshtukizwa huja skuli na maneno. Twaongeza kwamba somo hili lenyewe litamfunza mtoto jambo la manufaa nyumbani: kwamba maji ya kijito yakiwekwa katika pipa siku mbili, bila ya konokono ndani, vimelea vya kichocho hufa, yakafaa kuogea ingawa si kunywa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo mapya yaliyoletwa na wafadhili. Si kweli. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aliwaandikia Bara, lakini skuli za visiwani nazo zilikuwa na mashamba yao, na wengi wa rika letu tumeyalima. Tukiri tu kuwa shamba lile lilitufundisha jembe, na mara chache lilitufundisha udongo. Tulivuna muhogo, hatukuandika kitu. Na upande wa bahari mfano tunao hapahapa: kisiwa cha Chumbe, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, kimekuwa kikipokea wanafunzi wakaona matumbawe kwa macho yao, ndani ya maji, jambo ambalo wazee wao wavuvi wengi hawakulipata. Kama mtoto wa Zanzibar aweza kufundishwa kuelea juu ya matumbawe, hashindwi kusimama kando ya kijito. Tena kijito hakihitaji boti.

Sasa twafika penye uzito, nao tunauelekeza kwa wenye madaraka. Wanafunzi wakipima mto kwa dhati, wataandika. Na wakiandika, wataandika yasiyopendeza. Wataandika kwamba jaa la taka liko hatua thelathini kutoka kisimani. Wataandika kwamba shimo la mchanga limechimbwa mahali palipokatazwa, na huenda mwenye shimo akawa mtu anayejulikana. Wataandika kwamba skuli yenyewe haina vyoo vya kutosha, ndiyo maana watoto hukojoa kijitoni. Tumetumikia wananchi muda wa kutosha kujua kinachofuata: mwalimu huitwa, huulizwa nani amemtuma, na somo hufa kimyakimya mwisho wa muhula. Tunaomba, na kwa hili tunasema bila ya kuzunguka, asiitwe mwalimu kwa sababu ya namba iliyo sahihi. Aitwe mwenye shimo. Sheha na Mkuu wa Wilaya waipokee daftari ya kijito kama wanavyopokea taarifa ya mvua au ya mavuno, waisome, waitie saini, na waeleze katika kikao cha shehia ni lipi lililofanyiwa kazi na ni lipi lililoshindikana na kwa nini. Mtoto aliyepima mwaka mzima na asijibiwe na mtu atakuwa amejifunza somo jengine kabisa kuhusu Serikali yake, na hilo halifutiki kwa hotuba.

Kwa upande wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, jambo tunaloliomba ni dogo: asubuhi moja kwa mwezi iwekwe katika ratiba, ihesabiwe kuwa ni kipindi cha sayansi na si mchezo, na alama zake zitiwe katika maendeleo ya mwanafunzi. Wakaguzi wakija wasiulize tu kama daftari za darasani zimesahihishwa. Waulize na daftari ya mto iko wapi. Mamlaka ya Maji, ambayo ina wataalamu wa kupima, itoe mtu mmoja kwa kila wilaya awatembelee walimu mara mbili kwa mwaka kuwaonyesha makosa yao ya vipimo. Wizara ya Afya ina ramani za kichocho. Nakala zake zifike skuli na zisikae katika kompyuta za mjini. Tumefikiri juu ya gharama na hatukuona mahali pa kuweka mamilioni. Mabuti ndiyo ghali kuliko vyote.

Skuli itakayotaka kuanza isingoje waraka. Wakati mzuri wa kipimo cha kwanza ni Januari au Februari, kijito kikiwa kimenywea, ili masika ya Machi hadi Mei yakija tofauti ionekane. Wachague mahali pamoja penye jiwe au daraja lisilohama, na warudi hapohapo kila mwezi. Waandike tarehe, saa, hali ya mvua ya jana, sekunde za ndimu, upana, kina, viumbe walioonekana na wasioonekana, na jina la aliyepima. Na waandike kwa kalamu ya risasi, kwani wino ukirushiwa maji husambaa, na daftari ya mto haikosi kulowa.